Nchi Rafiki Ikimtaka Raia Wetu, Tumtoe kwa Masharti Gani?

 

Kamati ya jarida ilipotuomba sisi walimu tuandike juu ya ugaidi na jinsi unavyogeuza siasa za usalama na urafiki wa mataifa, baadhi yetu tulisita. Tulisema haya ni mambo ya Washington na Dar es Salaam, sisi watu wa Ushirombo yanatuhusu nini? Kwetu yanapita malori ya Rwanda, Burundi na Kongo, machimboni watu wanatafuta riziki, na watoto wanahifadhi juzuu zao. Basi. Mwenzetu mmoja akatukumbusha usiku mmoja wa Septemba 2014, na baada ya hapo hakuna aliyebisha tena.

Usiku ule watu wenye silaha walivamia kituo cha polisi cha wilaya, hapa hapa Ushirombo. Waliua askari 2, wakajeruhi wengine, wakapora bunduki na kutoweka. Asubuhi mji mzima ulikuwa kimya. Wanafunzi wetu wa leo wengi walikuwa bado wachanga au hawajazaliwa, lakini wazazi wao wanaikumbuka asubuhi hiyo, maduka yalivyochelewa kufunguliwa na kila mtu alivyokuwa akimtazama mwenzake kwa pembe ya jicho.

Kwa hiyo tunasema mapema, kabla hatujafika mbali: hatuandiki makala haya kuwatetea wauaji. Askari wale waliishi nasi, wakanunua mboga katika soko letu, na waliuawa wakiwa zamu sisi tukiwa tumelala. Damu yao ni nzito mbele ya Allah, na asiyeona uchungu kwa ajili yao hana haki ya kulalamika juu ya lolote katika yale tutakayoyataja huko mbele.

Wakati ule wengi walisema ni majambazi tu. Ukanda huu wetu wa Kahama, Bukombe, Geita na Biharamulo ulizoea ujambazi wa silaha tangu vita vya Rwanda na Burundi vilipozagaza bunduki katika miaka ya 1990, hata mabasi yakawa yanasindikizwa na askari. Lakini Januari 2015 likafuata tukio la Ikwiriri, askari 2 wakauawa na bunduki zikachukuliwa. Julai 2015, tena ndani ya mwezi mtukufu wa Ramadhani, kikavamiwa kituo cha Stakishari, Dar es Salaam, wakauawa askari 4 na raia 3. Hapo neno ujambazi likaanza kupisha neno ugaidi.

Neno lenyewe lina safari yake. Wazee wetu walipomtaja gaidi walimkusudia mnyang'anyi wa njiani, anayevizia misafara porini. Hakuwa na dini wala kabila. Siku hizi likitajwa neno hilo, macho yanageuka kutafuta kofia na kanzu. Sisi Waislamu wa Ushirombo ni wachache katika mji ambao misheni ya Wakatoliki ipo tangu mwaka 1891, na alhamdulillah tumeishi na majirani zetu kwa wema, tunazikana na kuozeshana. Hata hivyo, baada ya mwaka ule kijana wetu mmoja aliteremshwa kwenye basi kwa sababu ya begi la vitabu vya dini, akahojiwa kwa muda mrefu, kisha akaachiwa. Hatumlaumu sana aliyemhoji. Naye alikuwa na hofu kama sisi. Tunalolitaka ni kueleza hofu hiyo imetoka wapi na imeandikwa katika sheria zipi, kwa sababu haikuanzia Ushirombo.

IJUMAA YA MWAKA 1998

Tarehe 7 Agosti 1998, siku ya Ijumaa, kiasi cha saa nne na nusu asubuhi, magari yaliyopakiwa mabomu yalilipuka karibu kwa wakati mmoja kwenye balozi za Marekani zilizoko Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213 na maelfu wakajeruhiwa. Dar es Salaam walikufa watu 11 na zaidi ya 80 wakajeruhiwa. Waliotega mabomu yale walidai kuwa wanapigana na Marekani, lakini katika wale 11 wa Dar es Salaam hapakuwa na Mmarekani hata mmoja. Walikuwa Waafrika wenzetu, walinzi na wafanyakazi walioamka asubuhi kutafuta chakula cha watoto. Wiki 2 baadaye Marekani ikajibu kwa makombora katika Afghanistan na katika kiwanda cha dawa cha Al-Shifa, Khartoum.

Tangu siku ile urafiki wa Tanzania na Marekani ulibadilika sura. Kabla yake tulikuwa tukizungumza nao habari za misaada, chanjo na mikopo. Baada yake makachero wao wa FBI waliingia Nairobi na Dar es Salaam kwa mamia, wakashirikiana na polisi wetu kuhoji na kupekua. Jambo hilo lilikuwa na sababu, maana mwenye kufiwa ana haki ya kutafuta aliyemwulia. Lakini ugeni ukizoeleka unakuwa utaratibu, na utaratibu huu haukuisha kesi zilipoisha.

Kisha ikaja Septemba 11, 2001. Tarehe 28 ya mwezi huo huo Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 1373, likiamuru kila nchi itunge sheria dhidi ya ugaidi, izibe njia za fedha zake, isiwape magaidi hifadhi na ishirikiane na nchi nyingine kubadilishana taarifa. Nchi haikuulizwa kama inataka. Sisi Tanzania tulitunga Sheria ya Kuzuia Ugaidi, Namba 21 ya mwaka 2002. Mwaka uliofuata Rais George Bush akatangaza dola milioni 100 za kuzisaidia nchi za Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika katika mapambano hayo, Tanzania ikiwemo. Mwenye kutoa fedha ana lake la kuuliza, na mwenye kupokea hujifunza kujibu kabla hajaulizwa.

Wenzetu wa Kenya walikwenda mwendo mwingine. Tarehe 28 Novemba 2002 hoteli ya Paradise pale Kikambala ilipigwa bomu, wakafa Wakenya na wageni wa Israel. Serikali ya Kenya ikaleta muswada wa kuzuia ugaidi mwaka 2003. Waislamu wa pwani, wanasheria na watetezi wa haki wakaupinga kwa nguvu, na muswada ule ukaondolewa. Haikuwa rahisi kwao. Mwezi Mei mwaka huo huo Uingereza ilisimamisha ndege zake kwenda Kenya kwa hofu ya shambulio, na hoteli za Mombasa zikapoteza wageni, wapishi na waongoza watalii wakakaa nyumbani. Waingereza hawakupiga hata risasi moja, lakini kila mpagazi wa Mombasa aliihisi ile amri. Pamoja na hayo Wakenya walibishana miaka 9, na sheria yao haikupita mpaka mwaka 2012. Wapo wanaosema walichelewa. Sisi tunasema walisoma kabla ya kutia saini, na sheria waliyoipata mwisho ilikuwa imepita mikononi mwa watu wengi.

ABU JANDAL NA MKATABA WA HUDAYBIYA

Wanafunzi wa darasa la Sira wanajua tunakoelekea. Mwaka wa 6 Hijria, pale Hudaybiya, Mtume (s.a.w.) alifanya mkataba wa amani na Makuraishi. Miongoni mwa masharti yake ni kwamba mtu wa Makka atakayekimbilia kwa Waislamu bila idhini ya walii wake atarudishwa. Mkataba ukiwa ndio unaandikwa, akatokea Abu Jandal (r.a.) akiburura minyororo, ametoroka mateso ya Makka kwa sababu ya Uislamu wake. Na aliyekuwa akiandikiana mkataba kwa niaba ya Makuraishi alikuwa Suhayl bin Amr, baba yake mzazi! Akadai arudishiwe mwanawe, na Mtume (s.a.w.) baada ya kumwomba Suhayl amwachie na Suhayl kukataa, alimrudisha na kumwusia avute subira. Maswahaba waliumia sana siku ile.

Tumekuwa tukilifundisha tukio hili kama funzo la kutimiza ahadi, nalo ni hivyo. Lakini lina jambo jingine ambalo hatukulizingatia vya kutosha. Abu Jandal alirudishwa mchana, mbele ya watu wote, kwa sharti lililotamkwa na kujulikana na pande zote mbili. Kila aliyehuzunika alijua anahuzunika kwa ajili ya nini. Hakuna aliyekwenda kumtafuta ndugu yake usiku akakuta kitanda kitupu asijue amechukuliwa na nani na kupelekwa wapi.

Basi hatusemi kwamba nchi ya Kiislamu au isiyo ya Kiislamu haina haki ya kumkabidhi mtuhumiwa kwa nchi rafiki. Mkataba ni mkataba. Tunauliza tu: mkataba gani, na umeandikwa wapi?

Tutoe mfano wa Mzanzibari Khalfan Khamis Mohamed, aliyehusika na bomu la Dar es Salaam. Alikimbilia Afrika Kusini, akakamatwa Cape Town Oktoba 1999, na baada ya siku chache tu akawa amekabidhiwa kwa Wamarekani na kupelekwa New York, ambako alikabiliwa na uwezekano wa adhabu ya kifo. Mei 2001 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilitoa hukumu kwamba kumtoa kwa namna ile kulivunja katiba, kwa sababu nchi hiyo imefuta adhabu ya kifo na serikali haikuomba ahadi kwamba mtu yule hatauawa. Majaji wakaamuru hukumu yao ipelekwe haraka kwenye mahakama ya New York. Hawakusema hana hatia. Hatia yake ilithibitishwa huko huko New York, na akafungwa maisha baada ya wazee wa baraza kutoafikiana juu ya kifo.

La kuzingatia ni kwamba mtuhumiwa mwingine katika shauri hilo hilo alikamatwa Ujerumani mwaka 1998. Ujerumani ni mshirika mkubwa wa Marekani, wamo pamoja katika NATO. Wajerumani walimkabidhi, lakini kwa ahadi ya maandishi kwamba hatahukumiwa kifo, na Marekani ikaitoa ahadi hiyo bila ugomvi. Majaji wa Afrika Kusini walilitaja jambo hilo katika hukumu yao. Yaani mlango wa kuweka sharti ulikuwa wazi wakati wote, na aliyeugonga alifunguliwa. Na urafiki wa Marekani na Ujerumani haukuvunjika kwa hilo, wala ule wa Afrika Kusini haukuvunjika baada ya majaji wake kusema ukweli.

Sasa tazama upande wa pili. Mwaka 2003 Mtanzania mmoja aliyekuwa Somalia kwa shughuli za uvuvi na biashara alikamatwa Mogadishu, akakabidhiwa kwa Wamarekani bila kufikishwa mbele ya hakimu yeyote, akafungwa katika magereza ya siri ya CIA huko Afghanistan na kuteswa. Alikaa kifungoni miaka 5. Aliachiwa mwaka 2008 akiwa na karatasi inayosema kwamba hana hatari yoyote kwa Marekani. Miaka 5 kwa karatasi moja! Yeye na wenzake walifungua kesi Marekani dhidi ya wanasaikolojia 2 waliobuni mbinu zile za mateso, na mwaka 2017 kesi ikamalizwa kwa maelewano. Tunaona aibu kusema kwamba haki kidogo aliyoipata aliipata katika mahakama ya nchi ile ile iliyomtesa, kwa msaada wa mawakili wa huko. Sisi wenzake hatukumtafuta.

Naye Mzanzibari Ahmed Khalfan Ghailani alikamatwa Pakistan Julai 2004, akapitishwa katika magereza hayo ya siri, akapelekwa Guantanamo mwaka 2006, na hatimaye akafikishwa mahakama ya kiraia New York. Mwaka 2010 wazee wa baraza walimkuta na hatia katika shitaka 1 tu, wakamwachia katika mengine zaidi ya 280. Kwa lile moja alifungwa maisha. Hatumtetei, shitaka lile lilihusu njama ya kulipua majengo na watu walikufa. Lakini shahidi mmoja muhimu wa serikali alizuiwa na jaji kutoa ushahidi, kwa kuwa alipatikana kutokana na mahojiano ya mateso. Ndugu msomaji, hapo utaona kwamba mateso hayakumwonea mtuhumiwa peke yake. Yaliwanyima hata jamaa za marehemu wa Dar es Salaam hukumu iliyo kamili.

Na je, sisi wenyewe hatuwezi kuhukumu? Tunaweza. Mzanzibari mwingine alishitakiwa hapa nyumbani, Mahakama Kuu ya Tanzania, kwa mauaji ya watu wale 11. Ushahidi ukasikilizwa, na Desemba 2004 akaachiwa kwa kukosekana ushahidi wa kutosha. Mbingu hazikuanguka, wala Wamarekani hawakufunga ubalozi wao. Kinyume chake, walikuwa wamekwisha jenga mwingine mpya Msasani, wenye kuta nene na uwanja mpana.

SHERIA IKISHAINGIA NYUMBANI

Mwaka 2002 masheikh na jumuiya zetu walipoilalamikia Sheria ya Kuzuia Ugaidi, wananchi wengi wasio Waislamu walinyamaza. Walidhani ni mzozo wa serikali na misikiti. Hata sisi tulikosea kuufanya uonekane hivyo. Tuliandika na kuhutubia sana kwamba sheria inawalenga Waislamu, tukasahau kuwaambia majirani zetu kwamba sheria inayompa dola uwezo wa kumweka mtu mahabusu miaka bila dhamana haichagui dini ya mtu wa kesho.

Masheikh wa Uamsho wa Zanzibar walishitakiwa kwa sheria hiyo Dar es Salaam mwaka 2014. Walikaa mahabusu, kesi ikiahirishwa na kuahirishwa, mpaka Juni 2021 Mkurugenzi wa Mashtaka alipoifuta. Baadhi ya watoto wao walioachwa wakijifunza alifu na bee walikuwa wamekwisha hitimu. Mwezi mmoja tu baada ya hapo, Julai 2021, Mwenyekiti wa CHADEMA wakati huo, ndugu Freeman Mbowe, ambaye ni Mkristo, alikamatwa Mwanza alipokwenda kwenye kongamano la kudai Katiba mpya. Akashitakiwa kwa ugaidi. Naye aliachiwa Machi 2022, mashitaka yakafutwa vile vile. Siku zile kuna jirani yetu Mkristo, mtu wa karasha kule machimboni, alitujia akasema, "Kumbe mlikuwa mnasema kweli." Tulimjibu kwamba tulisema nusu tu.

Sheria ile ilitungwa kwa msukumo wa azimio la New York na kwa hofu ya mabomu ya mwaka 1998. Marafiki waliotuhimiza kuitunga wana mahakama zao na magazeti yao ya kuwabana. Sisi tulipokea panga bila ala.

Na wasidhani watu kwamba rafiki akishapewa anachotaka ameridhika. Tarehe 31 Januari 2020 Marekani iliiweka Tanzania katika orodha ya nchi zilizozuiwa bahati nasibu ya viza, kwa maelezo ya usalama na kubadilishana taarifa, mpaka Rais Joe Biden alipolifuta zuio hilo Januari 2021. Miaka 18 baada ya sheria yetu, na tukiwa bado washirika wao! Vijana wa nchi hii waliokuwa wakijaza fomu zile kwenye vibanda vya intaneti hawakujua hata wamekosea nini.

Siku hizi kuna jambo jipya, nalo ni zito kuliko yaliyotangulia, kwa maana sasa sisi ndio tunaoomba. Vita vilivyozuka Cabo Delgado, Msumbiji, Oktoba 2017 vimewavuta vijana wa Kitanzania pia. Oktoba 2020 wapiganaji kutoka huko walivuka Mto Ruvuma wakashambulia kijiji cha Kitaya, Mtwara, wakaua watu na kuchoma nyumba. Mwezi uliofuata wakuu wa polisi wa nchi hizi 2 walikutana Mtwara wakakubaliana kufanya operesheni za pamoja, na baadaye askari wetu wakaingia katika jeshi la SADC lililokuwa Msumbiji kuanzia Julai 2021 hadi 2024. Ushirikiano huo ulihitajika. Watu wa Kitaya wana haki ya kulala usingizi kama sisi tulivyokuwa na haki hiyo mwaka 2014.

Lakini sasa watuhumiwa wanavushwa mto huu na ule. Je, Mtanzania akikamatwa Palma au Mocímboa da Praia, mama yake aliyeko Kahama atajulishwa? Na Mmakonde wa Msumbiji akikamatwa Mtwara, naye ni mkimbizi tu aliyechomewa nyumba, nani atachunguza kabla hajarudishwa kwa walewale aliowakimbia? Suratul Hujurat, aya ya 6, tunaisomesha watoto wa miaka 12: habari ikija, ichunguzwe kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua tukabaki na majuto. Tunaamini Watanzania tuliouguza kidonda cha kuchukuliwa watu wetu kimya kimya tuna wajibu wa kutowafanyia wengine vivyo hivyo.

Tunayoyataka si makubwa. Mtu asikabidhiwe kwa nchi yoyote, iwe Marekani, Kenya, Uganda au Msumbiji, kabla hajasimama mbele ya hakimu wa Tanzania na jamaa zake wakajua. Mikataba ya usalama isomwe Bungeni hata kama vipengele vingine vitafunikwa. Anayepokea mtu wetu aandike kwamba hatateswa. Wajerumani waliweza kuliomba hilo kwa mshirika mwenye nguvu kuliko wao, sembuse sisi kwa jirani yetu wa Ruvuma.

Wazazi nao wana lao. Akija mtu usiyemjua na kukwambia anamchukua mwanao kwenda kusoma dini mahali ambapo hapana jina, wala simu, wala sheikh anayejulikana, mkatalie hata kama ndevu zake zinafika kifuani. Mwaka 2015 kijana wa Kitanzania alikamatwa katika shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, Kenya, walikouawa watu 148, wengi wao wanafunzi. Alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2019, akafia gerezani mwaka uliofuata. Alikuwa mwanafunzi kabla ya kuwa mfungwa. Tulipoisoma habari yake tuliwatazama vijana wetu wa dahalia wakifua kanzu zao siku ya Alhamisi, na hatukuwa na la kusema.

Hapa madrasa tumekwisha anza daftari la wageni. Kila mgeni anayelala kwetu huandikwa jina, atokako na anayemdhamini, na nakala tunaipeleka wenyewe kwa mwenyekiti wa mtaa bila kusubiri kuulizwa. Baadhi ya waumini wamenung'unika kwamba tunajipeleka polisi. Tumewajibu kwamba daftari linamlinda mgeni kabla ya kumlinda mwenyeji: siku akipotea, tutajua alikuwa hapa, na tutakuwa na pa kuanzia kuuliza.

Vile vile sheria ile ya 2002 ilitungwa kwa Kiingereza, na wengi wetu tumeilalamikia miaka yote hii bila kuisoma. Kwa hiyo baada ya likizo ya Idd, kila Jumamosi baada ya Alasiri, tutaisoma kifungu kwa kifungu kwa Kiswahili, in shaa Allah, pamoja na mwanasheria aliyejitolea kutoka Geita. Wazazi wote wanakaribishwa, na majirani zetu Wakristo pia. Mkeka upo, na viti vya wazee tutaviazima.